"Explain Me": Historia Fupi ya Kosa Letu

Nilikuwa darasa la tano dada yangu alipoanza kidato cha kwanza. Jioni moja alirudi kutoka shule, akatua begi, na kabla hata ya kuvua viatu akamuuliza baba: "Baba, kuna kosa gani kusema 'explain me'?"

Baba alikuwa karani, mtu wa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Kiingereza alikijua, tena kile cha kuandikia barua za ofisini. Akasema, "Haisemwi hivyo, mwanangu. Inasemwa 'explain to me'."

"Kwa nini? Mbona 'tell me' inasemwa? Na 'show me' je?"

Baba alikunja gazeti. Nakumbuka alilikunja taratibu sana, kama mtu anayejitafutia muda. Mwisho akasema: "Ndivyo Kiingereza kilivyo."

Yaliyotokea darasani tuliyapata kwa vipande. Lilikuwa somo la Fizikia. Dada hakuelewa sehemu ya pili ya swali, akanyoosha mkono na kusema kwa adabu zote, "Please sir, explain me the second part." Mwalimu hakueleza sehemu ya pili. Aliligeukia darasa, akairudia sentensi ile mara tatu kwa sauti ya kuimba, na darasa likacheka kama watoto wanavyocheka wakishapewa ruhusa na mkubwa. Kuanzia siku hiyo mpaka anamaliza kidato cha nne, dada alikuwa "Explain Me". Na kuanzia siku hiyo hakunyoosha mkono tena.

Sitasema kihusishi kimoja ndicho kilichomfelisha. Ada ilikuwa inachelewa, mama aliugua, na kulikuwa na mengine ya nyumbani ambayo si ya kuandika hapa. Lakini yule aliyekuwa anauliza kila kitu, hata kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, aliacha kuuliza. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Sasa ruka miaka zaidi ya ishirini. Mimi ni mwandishi wa habari, na kwa sehemu kubwa ya wiki kazi yangu ni kuhariri habari za Kiingereza za wenzangu. Mwaka jana kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliniletea habari yake ya kwanza. Mstari wa pili ulisema mawaziri "discussed about" bajeti. Nikauzungushia kalamu nyekundu, nikaweka alama mbili za mshangao, kisha, Mungu anisamehe, nikaisoma sentensi kwa sauti ili jirani yangu wa meza naye asikie. Tukacheka.

Kijana aliniuliza kwa utulivu tu: "Kwani 'talk about' si sawa? Na 'a discussion about' je?"

Nikafungua mdomo, na nikajisikia nikisema: "Ndivyo Kiingereza kilivyo."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimemjibu kama baba na kumcheka kama yule mwalimu, vyote viwili ndani ya dakika moja.

Basi nikaanza kutafuta. Nilianzia kwenye kitu nilichokuwa nacho: kamusi ya Kiingereza ya Oxford ya wanafunzi, toleo la 1974, niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pembeni ya barabara, Posta, Dar es Salaam. Jalada lilishaachia na mwenyewe wa zamani alikuwa amepigia mistari kwa penseli. Kwa miaka nilikuwa naitumia bila kujali vijialama vilivyokaa kwenye mabano ya mraba mbele ya kila kitenzi: VP na namba, pengine na herufi. Mbele ya "discuss" imo VP6A. Nilidhani ni mambo ya wachapishaji. Kumbe jibu la dada yangu lilikuwa pale siku zote, limeandikwa kwa fumbo.

VP ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya ruwaza ya kitenzi, yaani mpangilio wa vile kitenzi kinavyotaka kufuatwa. Ndani ya kamusi hiyohiyo lipo jedwali lenye ruwaza 25. VP6A maana yake ni kitenzi kinachoshika yambwa yake moja kwa moja, bila kihusishi katikati: unajadili jambo, hujadili "kuhusu" jambo. Ukitaka "tell me the story", hiyo ni ruwaza nyingine, ya vitenzi vinavyobeba yambwa mbili kwa mpigo, mtendewa kwanza na kitu baadaye. "Explain" haimo katika orodha hiyo. Ni kama daftari la mahari: limeandikwa kila ukoo unadai nini, na huwezi kupeleka kwa huyu alichodai yule.

Aliyeliandika daftari hilo anaitwa A. S. Hornby. Na hapa ndipo nilipopata mshangao wangu wa kwanza, kwa sababu orodha hii haikutungwa London wala Oxford. Ilitungwa Japani.

Lakini kabla ya Japani, tuwaangalie kwanza Waingereza wenyewe. Kwa muda mrefu wanasarufi wao waligombana sana kuhusu vihusishi, ila ugomvi wao mkubwa ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimsema Ben Jonson, ambaye alishakufa miaka 35 nyuma, kwa kuacha kihusishi mwishoni mwa sentensi. Dryden akakiri kwamba hata yeye alikuwa na ugonjwa huo, na mwaka 1684, alipochapisha upya insha yake kuhusu tamthilia, alipita akiviondoa vihusishi vya mwisho kimoja baada ya kingine. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, aliandika kitabu cha sarufi akashauri kwamba mtindo huo unafaa kwa mazungumzo kuliko kwa maandishi mazito. Na sentensi aliyoutolea ushauri huo ina kihusishi mwishoni. Wapo wanaosema alikuwa anatania. Mimi nawaunga mkono, maana askofu naye ni binadamu.

Ona ajabu yake. Zaidi ya miaka mia wanabishana kihusishi kikae wapi katika sentensi. Kitenzi gani kinadai kihusishi kipi halikuwa swali la kuwakosesha usingizi, kwa sababu wao walilinyonya na maziwa ya mama. Ni sawa na wewe msomaji: hakuna aliyekufundisha kwamba "sipendi" inageuza irabu ya mwisho lakini "sijibu" haigeuzi. Umelijua kabla ya kujua kwamba unalijua.

Mmoja aliyewakumbuka wageni ni Samuel Johnson. Katika dibaji ya kamusi yake kubwa ya 1755 alisema wazi kwamba kuna kitu katika Kiingereza kinachowatesa wageni kuliko vingine, nacho ni kile kitabia cha kitenzi kubandikwa kineno kidogo nyuma na kugeuka maana: "take off", "break off", "give over". Johnson alijitahidi kuvikusanya. Lakini kamusi yake haikuandikwa kwa ajili ya mgeni anayetaka kutunga sentensi yake mwenyewe. Ilikuwa ya mwenye lugha anayetaka kuelewa alichosoma.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hadithi yote. Mtu anayesoma anahitaji maana ya neno. Mtu anayetaka kusema anahitaji kujua neno linakaa na nani. Dada yangu maana ya "explain" aliijua vizuri sana.

Hornby alizaliwa Chester, Uingereza, mwaka 1898. Mwaka 1924 alikwenda Japani, katika mji wa Oita kwenye kisiwa cha Kyushu, kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha biashara. Haikumchukua muda kugundua kwamba vijana waliokuwa mbele yake walihitaji lugha kwanza, fasihi baadaye. Tokyo alikuwapo Mwingereza mwingine, Harold Palmer, aliyefika Japani mwaka 1922 kama mshauri wa ufundishaji wa lugha katika Wizara ya Elimu, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Palmer alishafundisha Kiingereza Ubelgiji kabla ya Vita ya Kwanza. Alikuwa amewasikia wageni wakikosea kwa miaka mingi, na badala ya kuwacheka alianza kupanga makosa hayo kwa mafungu. Mwaka 1938 alichapisha kitabu kidogo cha sarufi ya maneno 1,000 tu ya Kiingereza, na ndani yake kila kitenzi kimewekewa ruwaza zake. Maneno 1,000! Palmer alikuwa ameelewa kwamba tatizo la mwanafunzi mara nyingi haliko kwenye maneno makubwa. Liko kwenye "make", "tell", "wait" na "help", vijineno ambavyo mwalimu anadhani alishavimaliza darasa la sita.

Palmer aliondoka Japani mwaka 1936, na kazi ya kutengeneza kamusi ikamwangukia Hornby, akisaidiana na E. V. Gatenby na H. Wakefield. Walichokifanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda: walichukua kitenzi kimojakimoja na kuuliza, hiki kinakubali nini nyuma yake na kinakataa nini?

Desemba 1941 Japani iliingia vitani na Uingereza. Hornby aliwekwa kizuizini, na mwaka 1942 akaondolewa nchini katika mabadilishano ya raia wa pande mbili. Mwaka huohuo wa 1942, mjini Tokyo, kampuni ya Kaitakusha ilichapisha kamusi yao. Hebu fikiri: katikati ya vita, mji mkuu wa adui unachapisha kamusi ya Kiingereza bora kuliko yoyote iliyowahi kuandikwa kwa ajili ya mgeni. Miaka miwili baadaye vijana wetu wa Keya walikuwa Burma wakipigana na Wajapani hao hao. Mwaka 1948 Oxford waliitoa tena kamusi ile kwa jina jipya. Ndiyo mama wa ile niliyoinunua Posta, na ndiyo bibi wa ile iliyomo kwenye simu yako.

Mshangao wangu wa pili ndio ulionifanya niandike insha hii. Mwaka 1954 Hornby alitoa kitabu kingine, mwongozo wa ruwaza zenyewe, na mwanzoni mwake akaeleza kwa nini mwanafunzi anakosea. Hakusema mwanafunzi ni mvivu wala mjinga. Alisema mwanafunzi anakisia kwa kufananisha. Amesikia "I want to come" na "I intend to come", basi anajenga "I suggest to come". Amesikia "tell me" na "show me", basi anajenga "explain me".

"Explain me". Ndiyo hiyo. Nilipoufikia mfano huo nilisimama, nikazunguka meza, nikarudi nikausoma tena. Hoja ya dada yangu mbele ya baba, neno kwa neno: mbona "tell me" inasemwa, na "show me" je? Mtoto wa miaka kumi na nne, ambaye hajawahi kumsikia Hornby, alikuwa amefikia peke yake hoja ambayo mtaalamu yule alihitaji miaka ya darasani kuiona. Yeye alipata jina la utani, mwenzake akapata kamusi.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe, maana bado halijajibiwa. Kwa nini "tell me" ikubaliwe na "explain me" ikataliwe?

Jibu ni la kihistoria, na lina ukoo ndani yake. Zamani sana, Kiingereza cha kale kilikuwa na viishio kwenye nomino, kama Kilatini au Kijerumani. Kiishio kilikuambia nani ametenda, nani ametendewa, nani amepewa. Kitenzi "helpan", kusaidia, kilitaka anayesaidiwa awe katika umbo la mtendewa, yaani "msaidie yeye" kwa maana ya "toa msaada kwake". Taratibu viishio vile vikaanza kulegea, na baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 mambo yakazidi kubadilika. Nomino zikabaki uchi. Kazi ya viishio ikagawanywa: mpangilio wa maneno ukachukua sehemu, na vihusishi vikachukua iliyobaki. Hata "me liketh" ya zamani, ambayo imejengwa kama "inanipendeza" yetu, ikapinduliwa ikawa "I like".

Vitenzi wenyeji kama "tell", "show", "give" na "send" vilikuwa ndani ya nyumba muda wote huo. Vikabaki na haki ya zamani ya kubeba yambwa mbili bila kihusishi: nipe kitabu, nionyeshe njia. Kisha wakaja wageni, maneno yenye asili ya Kilatini, mengine kupitia Kifaransa na mengine moja kwa moja kutoka vitabuni: "explain", "suggest", "describe", "demonstrate", "donate". Wengi wao hawakupewa haki ile ya wenyeji. Ukitaka kumtaja anayeelezwa, lazima umwekee "to" mlangoni. Wanaisimu wamelichunguza jambo hili sana. Si sheria ya chuma, maana "promise" ni mgeni wa Kilatini lakini anasema "promise me" bila kuulizwa na mtu. Ila kwa ujumla, ukiona kitenzi kifupi cha nyumbani, kinabeba. Ukiona kirefu cha kitabuni, kinagoma.

Nani anamwambia mtoto wa kidato cha kwanza haya? Angeambiwa kwa dakika mbili tu, asingesahau. Maana sisi tunalo jambo hilohilo nyumbani. Vitenzi vyetu vya Kibantu vinaishia na "a", na ukivikanusha katika wakati uliopo "a" inageuka "i": napenda, sipendi, nasoma, sisomi. Vilivyotoka Kiarabu havigeuki: najibu, sijibu, nasamehe, sisamehe. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "sijibi", anakisia kwa akili kabisa. Kosa lake ni kwamba hajaambiwa "jibu" ni mtoto wa ukoo mwingine.

Halafu kuna upande wetu sisi, yaani tunachokwenda nacho tunapoingia katika Kiingereza. Kiswahili kina vihusishi, lakini kazi nyingi ambayo Mwingereza anaifanya kwa "to" na "for", sisi tunaifanya tumboni mwa kitenzi. Pika, pikia. Andika, andikia. Leta, letea. Mwalimu wa Kiswahili anaiita kauli ya kutendea. Vitenzi vingine hata hiyo havihitaji: nieleze, nisikilize, nisubiri. Yule "ni" amekaa katikati ya kitenzi kama mtoto mgongoni, hana haja ya kihusishi cha kumshika mkono. Ukimtoa pale ukampeleka kwenye Kiingereza, unapata "explain me", "listen me", "wait me". Si uvivu huo. Ni mtu aliyebeba mtoto mgongoni maisha yake yote, na sasa anaambiwa katika nchi hii watoto wote wanasukumwa kwenye kigari.

Upande wa pili tunaongeza pasipohitajika. Tunasema kuolewa na, basi tunasema "married with", wakati Mwingereza anataka "to". Na "discuss about" ya kijana wangu? Hapo kisingizio cha Kiswahili ni chembamba zaidi, kwa kuwa kujadili kwetu nako hakuhitaji "kuhusu", ingawa tunaiongeza kila siku kwenye taarifa ya habari. Kosa hilo linatoka ndani ya Kiingereza chenyewe: "talk about", "speak about", "a discussion about". Ndiyo maana utalisikia Nigeria, India na Kenya vilevile, kwa watu ambao lugha zao za nyumbani ni tofauti sana. Kote huko watu wamekisia kitu kilekile, kwa sababu ndicho kitu cha akili kukisia.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni mhariri, na bado nafuta "about" kila inapokuja mezani. Gazeti lina wasomaji wake na lugha ina desturi zake. Huwezi kwenda msibani na nguo ya harusi halafu ukasema kitambaa ni kilekile. Hornby mwenyewe hakuorodhesha ruwaza ili watu wazipuuze. Aliziorodhesha ili mwanafunzi asilazimike kukisia gizani. Ninachokataa ni ule mgeuzo uliotokea njiani: daftari lililoandikwa kumsaidia anayekosea limekuwa kiboko cha kumchapia.

Maana tunajua mambo yanavyokwenda. Mtoto wa Tanzania anasoma miaka yake yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, wengi wao, kisha anapanda kidato cha kwanza na siku hiyohiyo Fizikia, Historia na Jiografia zinageuka Kiingereza. Hapimwi tu kama anajua nguvu na mwendo. Anapimwa pia kama anajua "explain" inadai "to". Na akiteleza kwenye la pili, anahesabiwa kwamba hajui hata la kwanza. Kihusishi kinakuwa mlinzi getini: hajali umekuja na shida gani, anaangalia viatu.

Na baba je? Alikosea kusema "ndivyo kilivyo"? Nimelifikiria sana hilo. Kwa sehemu alikuwa sahihi, kwa kuwa lugha ni mazoea, na mazoea hayatoi risiti. Lakini mwaka 1996 watafiti wa mradi wa kamusi ya Cobuild, uliokuwa Birmingham, walichapisha sarufi ya ruwaza za vitenzi iliyotokana na mkusanyiko mkubwa wa matini halisi kwenye kompyuta. Waliona kwamba vitenzi vinavyoshiriki ruwaza moja mara nyingi vinaundana pia kwa maana. Havikutupwa ovyo kama karanga sokoni. Vimekaa mafungu mafungu, vya kusema hapa, vya kutaka pale, vya kuzuia kule. Kwa hiyo jibu refu la baba lingekuwa: ndivyo kilivyo, na ipo njia ya kuona kilivyokuwa hivyo. Sehemu ya pili hakuinyima kwa ubaya. Hakuna aliyempa na yeye.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo nilimfuata mezani kwake siku tatu baadaye, nikiwa na kamusi yangu iliyoachia jalada. Nikamwonyesha VP6A. Nikamwomba radhi pia, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kueleza ruwaza 25. Akaniuliza kama anaweza kupiga picha jedwali kwa simu. Akapiga kurasa zote.

Dada yangu sasa anauza vitambaa. Hesabu za mita na punguzo anazifanya kichwani huku anaongea na wateja watatu, na bado anauliza maswali, ila siku hizi anawauliza wauzaji wa jumla. Nilimpigia simu nikamweleza habari za Hornby, Oita, vita, na kamusi iliyochapishwa Tokyo. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo," akasema, "walikuwepo wengine waliosema 'explain me'?"

"Walikuwepo. Wengi mpaka ikabidi waandikiwe kitabu."

"Na hicho kitabu, shuleni kwetu kilikuwepo?"

Nikamwambia ukweli. Kilikuwepo. Kilikaa kwenye kabati la ofisi ya walimu, lile lenye kioo. Nami nilisoma hapohapo baada yake, nakikumbuka.

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Kisha akasema mteja ameingia, atanipigia.